Kamera ya Kumi na Moja

Kamera ya kumi na moja ilikuwa na mate.

Fundi aliyaona Jumapili mchana, siku aliyozoea kuzihudumia kamera za baba mkwe wake, na kwanza alijidanganya kwamba ni unyevu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu bila kupumzika. Kuta zilitoka jasho, na chumvi ilikuwa imegeuka uji ndani ya kopo lake. Lakini unyevu haunati. Alipogusa kioo cha lenzi, ute ulimng'ang'ania ncha ya kidole, akauvuta, ukamfuata kama uzi, kisha ukakatika na kumlalia kiganjani. Ulikuwa wa vuguvugu, kana kwamba umetoka mdomoni mwa mtu sasa hivi.

"Ptu! Ni nini hiki?" alisema, akajipangusa kwenye aproni, akajipangusa tena, mwisho akaivua aproni yenyewe na kuitupa ndooni.

Na wala hakuwa mwanamke wa kudeka. Alikuwa fundi saa, ndiyo maana hata mumewe alimwita Fundi, na asiyewahi kufungua saa za watu hajui uchafu wa binadamu. Ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta jasho la miaka limeganda na ngozi iliyosagika ikawa tope la kijani. Siku moja alikuta mguu mzima wa mende umejibanza kwenye gurudumu. Yote hayo aliyachokoa kwa kijiti, kisha akala chakula chake cha mchana juu ya meza ileile. Kwa hiyo kinyaa kilichomshika mbele ya kamera ile kilimshangaza mwenyewe.

Kamera zilikuwa kumi na saba, za zamani, zote za springi na magurudumu. Baba mkwe alikuwa mpiga picha wa studio maisha yake yote, na studio ilipofungwa alihamia kwa mwanawe akiwa na vitu vitatu: kitanda, kabati la vioo na kikohozi. Mikono ilipoanza kumtetemeka na kifua kupiga filimbi, utunzaji wa kamera ulimwangukia mkwe wake. Mwanawe alikuwa mwoka mikate, na mzee hakuficha maoni yake. Vidole vile, alisema, vimeumbiwa kukanda unga, si kushika kitu cha maana.

Fundi aliipenda kazi hiyo. Alikipata kitabu kikuukuu cha utunzaji kwenye droo ya kabati, akakisoma mpaka akakishika kichwani. Usiihifadhi kamera ikiwa na mkanda ndani. Usiiache springi imekazwa. Ifyatue kwanza, ipumzike. Kila mwezi ifyatue kwa kasi zote, ya haraka na ya polepole, ili mafuta yasigande. Iondoe kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hunywa unyevu na kuvu huanzia humo. Na usipulize kioo kwa mdomo hata siku moja, kwa sababu pumzi ya mtu ni maji matupu. Tumia kipulizio cha mpira. Yeye alikuwa nacho, kibofu chekundu ambacho ukikibinya kinasema "fuu" na vumbi linaruka.

Mzee alikubali kila kitu isipokuwa kuhusu kamera ya kumi na moja. Hiyo ilikuwa ya kukunja. Ukiifungua, lenzi inatoka mbele na kuvuta nyuma yake mvukuto wa ngozi nyeusi wenye mikunjo, mfano wa kinanda kidogo cha kodiani.

"Hiyo iache ndani ya mfuko wake," alimwambia siku alipomkabidhi kazi. "Na kila mwezi fungua mgongo wake, puliza kwa mdomo mara tatu, funga."

"Baba, kitabu kinakataza kupuliza kwa mdomo."

"Hicho kitabu kiliwahi kufanya kazi studio kwangu?"

"Sawa, baba," alijibu kama mkwe mwenye adabu, kisha akafanya vyake kama fundi mwenye akili. Aliitoa mfukoni, akaupulizia mvukuto hewa safi ya mpira, fuu, fuu, fuu. Mwezi wa kwanza hivyo, na wa pili hivyo, na leo ulikuwa wa tatu.

Leo alipofungua mgongo wa kamera, harufu ilimpiga usoni akarudi nyuma na kiti chake. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu mgonjwa asubuhi, jino bovu, na ngozi iliyolowa ikasahaulika. Ndani, mikunjo ya mvukuto haikuwa myeusi tena. Ilikuwa ya waridi kama ufizi, ikang'aa kwa ute, na katikati ya mikunjo kulikuwa na utando mweupe unaojikusanya. Alifyatua shata, yaani kile kipazia cha chuma kinachoruhusu mwanga, akitegemea kusikia mlio wake wa kawaida wa magurudumu madogo. Kilimlilia "glup", sauti ya mtu anayemeza.

Fundi alijikaza. Alichukua kipulizio chake, akaingiza ncha yake ndani ya mvukuto na kubinya. Mvukuto ulijivuta, ukaibana ile ncha ya mpira kama midomo ya mtoto kwenye chuchu, ukanyonya mara moja, ukaitema. Kipulizio kiliruka mpaka sakafuni. Kilikuwa na alama zilizoizunguka ncha yake yote, ndogo ndogo, zimepangana sawasawa.

Aliifunga kamera, akalifunga kabati, akaenda bafuni kutapika. Hakumwambia mtu. Angesema nini, kwamba kamera ya mzee imemuuma mpira wake?

Jumatatu, lenzi za kamera ya kumi na ya kumi na mbili, majirani zake, zilikuwa zimeota nywele. Kuvu ya lenzi Fundi aliijua. Huanza kama buibui mdogo na huchukua miezi kuenea. Hii ilichukua usiku mmoja. Kufikia Jumatano zote kumi na sita zilikuwa zimeziba, nyuzi nyeupe zimesongamana nyuma ya vioo, na sponji za kuzuia mwanga kwenye milango yake ya mgongoni zilikuwa zimeyeyuka zikawa lami inayonuka, na lami hiyo ilitambaa juu ya rafu za kabati, yote kuelekea upande mmoja, upande wa ile ya kukunja.

Kisha uchafu ukatoka kabatini. Mumewe alirudi saa nne asubuhi na mikate ya moto, wakala kipande kipande na kubakiza mingine kwa ajili ya mchana. Mchana ulipofika, vipande vilivyoumwa vilikuwa vimeota manyoya ya kijani pale pale penye alama za meno. Mkate ambao haujaguswa ulikuwa mzima.

"Huu nimeutoa tanurini leo kwa mikono yangu hii!" mume alilalamika, akiushika kwa ncha za vidole. "Watu wakisikia nitafunga duka."

"Tupa. Tupa nje, mbali," Fundi alisema, mkono ukiwa mdomoni.

Ikawa hivyo kwa vijiko. Ikawa hivyo kwa kingo za vikombe na kwa miswaki, ambayo asubuhi ya Alhamisi waliikuta imesimama kwenye glasi yake ikiwa na ndevu. Chochote kilichopita mdomoni mwa mtu wa nyumba ile kiliota. Fundi alichemsha maji, akasugua vyombo mpaka ngozi ya vidole ikaumuka, na alianza kula kwa mikono akiwa amesimama nje kibarazani, akimeza bila kutafuna.

Alhamisi hiyohiyo, kibandani kwake mjini, alibana jichoni kile kioo chake cha kukuzia na kuinamia saa ya mteja. Uzi mweupe ulikuwa umelala juu ya magurudumu. Akaupuliza, haukuondoka. Akakisafisha kioo, akakibana tena, uzi upo. Akakihamishia jicho la kushoto: hakuna uzi. Akakirudisha kulia: upo, na sasa ulikuwa na matawi mawili. Alikivua kioo, akatazama ukuta mweupe wa duka la jirani, na uzi ukahamia ukutani.

Daktari wa macho alimmulika kwa taa yake, akasogea karibu, kisha akasogeza kiti nyuma haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mama, kuna kitu kama kuvu humu ndani. Nimeshaiona kwa wengine, sikatai. Lakini sijawahi kuona inayokua huku nikiitazama."

"Itatoka kwa dawa?"

"Tujaribu hizi za matone. Rudi Jumatatu. Ikifika kwenye mboni, nitalazimika kulitoa jicho lenyewe, kabla haijahamia la pili."

Fundi alirudi nyumbani akiwa amelifunika jicho kwa kiganja. Jicho lile ndilo lililokuwa likimlisha. La kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni, halikuweza kutofautisha meno ya gurudumu. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mzee bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Baba, ile kamera ya kukunja ina nini?"

Mzee alimtazama lile jicho. Kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi, juu na chini. "Ulikuwa unapuliza kwa mdomo?" aliuliza polepole.

Fundi akageukia dirisha.

"Mwanangu, nakuuliza."

"Kwa mpira, baba. Kwa kipulizio."

Mzee akafunika uso. Kisha akasema ndani ya viganja vyake, kwa sauti ya kunong'ona. "Kulikuwa na mwaka wa mvua kama hii. Kuvu ilikula lenzi za wapiga picha wote wa mji, mmoja mmoja wakafunga. Chumba changu cha kuoshea picha kilikuwa kinavuja, na mle gizani kulikuwa na mwenyewe. Nilikuwa namsikia anahema. Siku moja nikamwambia, kula za wenzangu, zangu niachie. Akataka nyumba na chakula. Nyumba nikampa hiyo kamera. Chakula ni pumzi, tatu kila mwezi, pumzi ya mtu."

"Jini," alisema Fundi.

"Sikuwahi kumuuliza."

"Ukanirithisha mimi. Bila kuniambia."

"Kifua changu kimekwisha. Nilidhani kwa mtu mwenye afya pumzi tatu si kitu."

Fundi alimchukia wakati ule, alimchukia waziwazi, mkwe au si mkwe. Alitamani kumzaba kofi. Badala yake alisema, "Nitapofuka, baba," na mzee akaanza kulia kwa kikohozi kwa sababu machozi na pumzi vilikuwa vikigombea njia moja.

Aliyeitwa ni Mama Rangi. Zamani alikuwa akizipaka rangi picha za studio, mashavu mekundu kwa maharusi na samawati kwa magauni. Siku hizi watu walimwita kwa mambo mengine. Alifika Jumamosi na kikapu, akanusa sebule mara moja, akakunja pua.

"Nilikuambia miaka ile kwamba chumba chako kina mtu," alimwambia mzee. "Ukasema mimi nimelewa rangi."

Alimshika Fundi kidevu, akaligeuzia jicho lake dirishani. Nyuzi zilikuwa zimebakiza upana wa kucha kuifikia mboni. "Huyu si wa kufukiziwa," alisema. "Ukimfukizia atavuta pua wazi na kuomba tena. Huyu ni wa majimaji, na kinachomtoa ni jua. Tutasubiri mvua ikatike."

Mvua ilikatika Jumapili saa sita. Walitoa meza uani. Mama Rangi, kwa mikono iliyofungwa vitambaa, aliifungua kamera, akauvuta mvukuto wake wote mpaka mikunjo ikanyooka, akafungua mgongo, akaifunga shata ikiwa wazi kwa kipande cha waya, na kuielekeza lenzi juu, mgongo ukiwa nje ya ukingo wa meza. Jua liliingia mbele likatokea nyuma, likawa kiduara cheupe juu ya shavu la Fundi aliyekalishwa hapo chini yake kwenye kiti kifupi, chini kidogo ya jicho bovu.

"Nisikilizeni wote," alisema. "Akitoka atatafuta mdomo. Fungeni midomo mpaka niwaambie. Mtu asikohoe, asiombe, asiulize kitu."

Mume alisimama ukutani na kitambaa cha kufunikia mikate kikiwa kimezunguka nusu ya uso. Mzee alikaa kwenye kiti mlangoni, midomo ameibana, pua ikimpanuka kwa shida.

Kwanza hakukuwa na kitu ila harufu, ambayo jua liliipasha moto ikawa nzito. Kisha mvukuto ukahema. Ukajikunja na kujinyoosha, ute ukichuruzika mezani, na kila ulipojinyoosha ulikohoa, kikohozi cha mzee, kilekile na filimbi yake, ingawa mzee mwenyewe alikuwa kimya mlangoni, na katikati ya kikohozi ikatoka sauti nyembamba yenye majimaji, ikinung'unika kama mtu anayeongea chakula kikiwa mdomoni. "Mpira," ilisema. "Mmenilisha mpira." Na hapo Fundi akahisi kitu kikivutwa nyuma ya jicho lake, mbali huko ndani, karibu na koo, kitu kirefu kinachosugua njia yake yote kinapotoka, mfano wa nywele zinazovutwa kwenye tundu la sinki, na akaiona ncha yake ikijitokeza kwenye kona ya jicho, nyeupe, imelowa, ikipapasa shavu lake kutafuta kivuli, ikakutana na jua, ikasinyaa, ikageuka na kuanza kushuka kuelekea mdomo wake, ikapita juu ya midomo yake aliyoibana mpaka meno yakauma, ikagonga katikati, taratibu, ikagonga tena, na alipotaka kupiga kelele na hakuweza, na machozi yakamjaa, unyevu wa machozi ukaipa nguvu ile ncha nayo ikaanza kupanda kurudi jichoni.

"Usilie!" Mama Rangi alinguruma kwa koo bila kufungua midomo, lakini nani anaweza kuzuia machozi wakati kama ule?

Ndipo mzee akainuka kwenye kiti chake. Alimtazama mkwe wake, akashika nguzo ya mlango, akafungua mdomo wazi kabisa, kama mtu aliyeambiwa na daktari aonyeshe koo. "Acha mtoto wa watu," alisema. "Njoo kwangu. Mimi ndiye niliyekukaribisha."

Uzi ulichomoka jichoni kwa Fundi wote kwa mpigo, akaanguka pamoja na kiti. Alichokiona akiwa chini ni bonge la nyuzi na ute likivuka ua kwa kujiburura, likaacha njia inayong'aa, likapanda mguu wa suruali ya mzee, na shati, na kidevu. Koo la mzee lilivimba mara moja likashuka. Akafunga mdomo, akaketi. Juu ya meza ngozi ya mvukuto ilikauka, ikapasuka, ikamwagika unga.

Mume alikimbia kumwinua mkewe. Mama Rangi aliokota vitambaa vyake, akakataa chai, wala hakumuaga mzee. Fundi alimfuata mpaka getini.

"Ametoka?" alimuuliza.

"Kwenye kamera nimemtoa, na kwenye jicho lako. Nyumbani sikusema."

"Mtoe kwa baba basi!"

"Kamera unaweza kuikausha, mwanangu. Ukimkausha mtu unamuua." Akafunga kilemba chake vizuri, akaenda zake.

Jumatatu daktari alimulika jicho, akamulika tena, akasema hajui aandike nini kwenye karatasi. Lilikuwa safi. Lenzi zote kumi na sita zilikuwa safi pia, na mkate ulikaa siku nne bila doa. Lakini kilichowafurahisha watu zaidi ni mzee. Kikohozi kilikatika siku ileile. Filimbi ya kifuani ikanyamaza, mashavu yakajaa, akaanza kwenda dukani kwa miguu na kurudi bila kutweta. Mume aliwasimulia wateja wake wote. "Mzee wangu amepona kama mchezo," alisema, "anakula mikate miwili kwa siku!" Fundi alimwona jinsi anavyoila. Hakuwa anatafuna. Aliubandika mkate mdomoni, ukalainika, ukaingia wenyewe, na baadaye midomo yake ilibaki imelowa, naye hakuipangusa. Akipita kwenye korido aliacha nyuma yake ile harufu, na Fundi alijifunza kubana pumzi hadi afike jikoni.

Jumapili ya mwezi uliofuata, saa nane mchana, alikuwa amemaliza kufyatua kamera ya mwisho aliposikia akiitwa.

"Fundi. Njoo mara moja."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono juu ya magoti. Mate yalikuwa yakimchuruzika kidevuni polepole.

"Nina njaa," alisema, kwa upole sana.

"Kuna wali jikoni, baba."

"Si njaa hiyo. Nipulizie kidogo tu."

Fundi alishika fremu ya mlango. Alisema hapana. Alilisema wazi, kwa sauti, na kabla halijamalizika kutoka mdomoni, kwenye kona ya jicho lake la kulia ukalala uzi mweupe, mfupi, mwembamba kuliko nywele.

Alisimama akiutazama. Jikoni mumewe alikuwa anakata mkate huku akiimba, mwenye furaha ya mtu ambaye baba yake amepona. Fundi akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake ili asije akaonekana, akapiga hatua nne mpaka kitandani. Mzee aliinua uso, akafungua mdomo. Ndani hakukuwa na ulimi. Kulikuwa na mikunjo, mmoja nyuma ya mwingine, ya waridi, imelowa, ikishuka kooni mpaka mwanga ulipoishia, nayo ilikuwa inajinyoosha kwa hamu.

Akafumba macho, akainama juu yake, akapuliza. Kile kitu kiliipokea pumzi yake kwa sauti ya kunyonya, hakikumwacha mpaka mapafu yake yakabaki matupu, kisha kikamwambia ahsante.